Mbio Mpya za Polycarpe

Siku ile ilikuwa ya kawaida tu pale Musonoi, mtaa wa wachimbaji wa shaba. Vumbi lilikuwa limetanda juu ya mabati, pikipiki zilipakia abiria sokoni, na Wivine akaenda kwa Kabemba, fundi wa simu, akiwa amebeba saa ya mkono ya mumewe ndani ya kitambaa. Mtaa mzima ulimfahamu mume huyo. Polycarpe alikuwa mchimbaji, lakini kila asubuhi kabla ya kushuka shimoni alikimbia, na saa ile ikimrekodia njia aliyopita na mapigo ya moyo wake. Msimu wa mvua ardhi ilimwangukia kule kwenye mgodi wa Mashamba. Wenzake walichimba mpaka mikono ikatoka damu, kisha wakaacha. Misa ilisomwa bila mwili.

"Tata Kabemba, minaomba ukamate mbio yake yote mu hii montre, uiweke mu telefone yangu," alisema. "Shekina akikomaa, aone baba yake alikuwa mutu wa namna gani."

Shekina alikuwa binti yao wa pekee, bado hajaanza shule.

Kabemba akaunganisha saa na simu, akafungua akaunti ya Polycarpe mtandaoni. Mbio zikaanza kuingia moja baada ya nyingine, kila moja na ramani yake: barabara ya kanisa, uwanja wa mpira, ukingo wa mji. Wivine akajikuta anatabasamu. Halafu Kabemba akaisogeza simu karibu na macho.

"Mama, huku kuna montre ingine. Iko na nani?"

"Ile ya mupya? Alishuka nayo mu shimo ile siku. Na telefone yake vilevile."

Kabemba akamgeuzia kioo. Juu ya zote kulikuwa na mbio zilizotumwa na saa ile mpya. Za asubuhi hiyo hiyo. Mstari ulianza katikati ya shimo la Mashamba, ukanyooka kuelekea Musonoi bila kufuata barabara yoyote. Mahali pa mapigo ya moyo palikuwa patupu.

Wivine hakuujali utupu ule. Yeye aliona jambo moja: mumewe yu hai. Akakimbia hadi kwa Mukuna, mkuu wa wachimbaji, akapiga magoti vumbini.

"Muchimbe, tata! Anatembea! Bwana yangu anatembea!"

Mukuna aliufuata mstari kwa kidole juu ya ramani. Kisha akanong'ona, "Mama, pale anapita ni chini ya maji. Mutu hawezi kupita pale." Akamrudishia simu, akajifuta vidole kwenye suruali.

Kesho yake mstari ulifika mbali zaidi. Siku iliyofuata ulifika nyuma ya soko. Kila mara Wivine alikwenda kusimama pale ulipokomea, akiita jina la mumewe mchana kweupe, watu wakimkwepa kama hawamwoni. Hakuja mtu. Palikuwa na baridi tu, baridi ya chini ya ardhi, inayopanda kwenye nyayo.

Alipokosa la kufanya, akaivaa ile saa ya zamani, walau awe na kitu cha Polycarpe mwilini. Mbio zilizofuata zilikuja na mapigo ya moyo.

Kabemba ndiye aliyegundua. Akaweka kidole juu ya kioo.

"Angalia. Hii montre unavaa haiandike kitu. Ile yake ya mupya njo inaandika mutima. Wakati ulipanda na bidon ya maji, mutima yake ilipiga mbio. Ulipumzika, nayo ikapumzika. Ni mutima yako, mama. Inahama. Vula hiyo kitu!"

"Anakuya ku nyumba," Wivine akajibu. "Kama inamusaidia afike, akamate."

Hakuivua. Akashindwa kubeba maji, kisha kusonga bukari ya jioni, kisha kusimama. Midomo ikawa ya kijivu. Akajilaza kwenye mkeka barazani, simu mbele ya macho, akiutazama mstari ukipita kanisa. Ukaingia mtaani kwao. Ukafika kwenye lango la lupango, ua wa nyumba yao.

Adhuhuri. Upepo hakuna. Macho yakajifumba.

Alipoyafumbua, mkono wake ulikuwa mtupu. Ndani ya nyumba Shekina alikuwa ameketi sakafuni, saa ikining'inia kwenye kakono kake. Midomo ya mtoto ilikuwa ya kijivu. Alikuwa akiitabasamia pembe isiyo na mtu.

"Mama," akanong'ona, "papa anasema mutima yangu inapiga muzuri."

Wivine akatambaa. Alimpenda mwanamume yule kuliko pumzi zake mwenyewe. Angemfia pale pale asijute. Lakini mtoto, hapana. Akaing'oa saa. Akaiweka kizingitini, akashika mchi, akapiga. Kioo kikapasuka. Akapiga tena. Kila pigo lilimuuma yeye kifuani.

"Polycarpe," alisema kwa sauti ndogo, machozi yakimtiririka. "Rudia kule. Bwana yangu, minakuomba. Rudia."

Akashusha mchi.

Kisha mtoto akavuta pumzi ndefu, akaangua kilio. Kwenye simu mstari haukusogea tena. Jioni Kabemba aliifuta akaunti yote, na mbio zote zikaenda, zile za uhai wake na zile zingine. Wivine alimwomba amwachie hata moja. Kabemba akatikisa kichwa, akilia naye.

Mama na mtoto walipona, polepole. Lakini Mado, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekimbilia kilio kile cha adhuhuri, mpaka leo hapiti mbele ya lango lile. Aliona alama za miguu mitupu, zimelowa maji ya kijani kama yale yanayolala chini ya mashimo ya shaba. Jua kali halikuzikausha. Zilianzia ndani, ubavuni pa Shekina, zikavuka kizingiti na uwanja, zikatoka langoni kuelekea Mashamba.

Mado alizitafuta za kuingia. Hazikuwepo.