Bahasha Yenye Sahihi Mgongoni

Wakati wa likizo Munezero alikuwa na kazi tatu za asubuhi: kujaza madumu mawili ya maji bombani, kufagia uwanja, na kukoroga uji wa muhogo. Mwezi huo wa nane, kazi ya nne iliongezeka bila mtu kumwuliza. Kabla ya kuweka sufuria mezani, ilimbidi aondoe karatasi za dada yake, moja moja, kwa mikono mikavu.

"Polepole na hizo," mama yake, Nyirabizimana, alimwambia kutoka mlangoni. "Moja ikilowa, yaya wako hana kitu."

Yaya ndivyo walivyomwita Mukashema, mtoto wa kwanza, kama watu wa kwao Kivu ya Kusini wanavyowaita wakubwa wao. Mukashema alikuwa na miaka ishirini na saba. Alikuwa mwalimu katika shule ileile alimokuwa akisoma Munezero, hapa katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na sasa alitaka kurudi chuoni Mbarara kusomea shahada ya pili ya ualimu. Juu ya meza, ukutani, alikuwa amebandika orodha ya masharti ya chuo. Munezero alikuwa ameikariri bila kupenda: shahada ya kwanza yenye daraja la pili au zaidi, nakala za vyeti zilizopigwa muhuri na wakili, barua inayothibitisha kwamba diploma ya sekondari ya Kongo inalingana na cheti cha Uganda, kitambulisho cha mkimbizi, insha ya kurasa mbili, na barua mbili za wadhamini, yaani watu waliomfahamu mwombaji masomoni au kazini. Kila barua iwe ndani ya bahasha iliyofungwa, na mwandishi atie sahihi juu ya kifuniko. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

Barua ya diploma peke yake waliingojea mwaka mzima. Ilipofika, mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja, wakanywa chai ya maziwa. Lakini wiki iliyopita Munezero alipoleta ripoti inayosema kwamba amekuwa wa kwanza darasa la sita, mama alikuwa ameinama akitafuta picha za pasipoti za Mukashema.

"Vizuri, mwanangu. Iweke fasi nzuri," alisema bila kugeuka.

Munezero aliiweka chini ya mkeka wake. Tangu siku hiyo hakuna aliyeiulizia.

Hilo lingevumilika. Kilichomuuma zaidi kilikuwa mkoba. Baba yao, Musoni, alikuwa mtu wa kupeleka barua za kanisa. Alizibeba kwa baiskeli kutoka Nakivale hadi kambi ya Oruchinga, ndani ya mkoba wa ngozi uliochakaa pembeni. Alifariki miaka miwili iliyopita. Tangu walipomzika, mkoba ulikuwa umetundikwa kwenye msumari wake na hakuna aliyeugusa. Munezero alikuwa akiutazama kila usiku kabla ya kufumba macho. Halafu Jumapili mama aliutungua, akaupangusa vumbi kwa kanga, akampa Mukashema.

"Mama, ule ni wa baba," Munezero alisema.

"Ndiyo. Ni wa kubebea karatasi. Nani mwingine humu ana karatasi?"

Ninayo moja, Munezero alitaka kujibu. Badala yake alichukua ufagio, akatoka nje.

Jumatano Mukashema alikwenda Isingiro kwa wakili kupiga mihuri. Kabla ya kuondoka alimwambia Munezero, "Mdogo wangu, nenda kwa mwalimu mkuu ukachukue barua yangu. Ile ya mdhamini wa Mbarara nimeshaipata. Imebaki yake tu."

Munezero alikwenda akiburuta ndala. Karibu na bomba alikutana na Cyiza, mvulana wa darasa lake, akichunga mbuzi.

"Ee, mdogo wake Profesa!" Cyiza aliita. "Umetumwa tena? Yaya wako akifika Mbarara atasahau hata jina lako. Utabaki na mbuzi kama mimi."

"Nyamaza. Nilikushinda hesabu."

"Ulinishinda mimi. Yeye utamshinda lini?"

Munezero alimpita bila kugeuka. Alifika ofisini uso umemvimba.

Mwalimu mkuu Ezira, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikunja barua, akaitia ndani ya bahasha, akapaka gundi. Kisha akaigeuza na kuandika sahihi yake ndefu ikikatiza kifuniko, nusu juu, nusu chini.

"Mpe mkononi," alisema. "Isifunguliwe."

Njia nzima neno hilo lilimtafuna. Barua alizobeba baba hazikufungwa hata siku moja. Kwa watu wa kanisa lao, barua ya mkono hupewa mchukuzi ikiwa wazi, naye akifika huisoma kwa sauti, akaongeza na salamu alizoambiwa kwa mdomo. Kumfungia mchukuzi bahasha ni kumwita mwizi mbele ya watu. Munezero alikumbuka jinsi baba alivyosimama uani kwa watu, kofia kwapani, akisoma habari za harusi na za misiba. Yeye, binti wa Musoni, alikuwa amefungiwa.

Lakini moyoni alijua kwamba hiyo haikuwa sababu yote. Alitaka kuona wamemsifu yaya kiasi gani. Zaidi ya hapo, alitaka kupata mahali hata pamoja waliposema vibaya.

Nyumbani hapakuwa na mtu; mama alikuwa shambani kwenye maharage. Aliinjika uji, ukachemka. Munezero aliishika bahasha juu ya mvuke mpaka kifuniko kikalegea.

Barua iliandikwa kwa Kiingereza cha shuleni, akaisoma bila shida. Haikuwa na makubwa. Mukashema huwahi kazini. Mukashema husahihisha madaftari yote. Mukashema aliendelea kufundisha hata wiki aliyofiwa na baba yake. Karibu na mwisho, chuo kilikuwa kimemtaka mdhamini ataje kasoro moja ya mwombaji. Munezero aliisogeza karatasi karibu na macho. Mwalimu mkuu alikuwa ameandika: "Kasoro yake moja ninayoijua ni kwamba katika ofisi ya walimu huzungumza mno habari za mdogo wake. Mtoto huyo akipata hesabu zote, sisi sote hatupumziki mpaka saa sita mchana."

Munezero alisoma mstari huo mara tatu. Alikuwa ametafuta kitu cha kumchukia nacho yaya, akakosa. Wivu wake haukuondoka. Ulibaki umesimama tu, hauna pa kukaa. Halafu hofu ikaja. Alirudisha barua ndani, akapaka uji kwenye kifuniko, akakikandamiza kwa kiganja. Jioni Mukashema aliporudi aliipokea bahasha kwa mikono miwili na kuitia ndani ya mkoba wa baba bila kuikagua.

"Asante, mdogo wangu. Kesho tunakwenda wote Mbarara," alisema. "Nimemwomba mama. Mtu aliyekuwa wa kwanza lazima akione chuo."

Usingizi wa Munezero ulikuwa mbaya.

Ofisi ya kupokea maombi ilikuwa chumba chenye dirisha la mbao. Nyuma ya dirisha alikaa mama mmoja Mnyankole aliyeitwa Goretti. Alipanga karatasi za Mukashema safu kwa safu na kuweka alama kwa kalamu nyekundu: shahada, sawa, nakala, sawa, barua ya diploma ya Kongo, sawa. Akachukua bahasha ya kwanza, akaipitishia kidole gumba. Sawa. Akachukua ya pili. Kidole kilisimama.

"Nyabo," alisema, yaani bibi, kwa heshima lakini bila tabasamu, "hii mmefungua."

"Hapana, mama. Haijafunguliwa."

"Angalia sahihi. Ya juu iko hapa, ya chini imehama. Na hii nyeupe ni nini?" Aliikwaruza kwa ukucha, akanusa. "Uji? Watu wanafunga barua ya chuo na uji? Hapana, mimi siwezi kubali. Barua ikifunguliwa, nitajua aje kama wewe hukubadilisha?"

"Mama, naapa sikuigusa."

"Wote wanaapa hivyo. Mwaka jana mmoja alijiandikia yeye mwenyewe. Nyabo, mimi naweza kuandika hapa kwamba wewe ulidanganya, na faili inafungwa."

Watu waliokuwa nyuma kwenye mstari walianza kusogea wasikie. Mukashema alikuwa ameushika mkoba kwa mikono yote miwili. Mwaka mzima wa kungoja ulikuwa umelala pale dirishani. Munezero alifahamu kwamba akinyamaza, hakuna mtu duniani atakayejua. Yaya angebaki kambini. Mkoba ungerudi kwenye msumari.

"Ni mimi," alisema.

Sauti haikutoka vizuri. Akasema tena, "Mimi ndiye niliyeifungua. Yaya hajui. Niliweka juu ya mvuke, nikafunga na uji."

Goretti aliinama dirishani kumtazama. "Kwa nini?"

"Nilikuwa na wivu."

Hakuna aliyecheka. Goretti alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Sawa. Sitaandika kitu. Lakini sheria ni sheria, hii sipokei. Mlete nyingine kesho, imefungwa vizuri, kabla ya saa kumi na moja. Ikipita hapo, mpaka mwaka kesho."

Nje walikaa kwenye ngazi.

"Ulikuwa unatafuta nini ndani?" Mukashema aliuliza.

"Kitu kibaya."

"Ukakipata?"

"Alisema unanizungumza mno. Hesabu zangu. Kwamba walimu wamechoka."

Mukashema aligeuza uso upande wa pili. Mabega yake yalitikisika, na Munezero hakujua kama analia au anacheka.

"Nimekasirika," alisema aliporudisha uso. "Usidhani sijakasirika. Tutakwenda kwa mwalimu mkuu, nami sitafungua mdomo. Utasema wewe."

Walifika Nakivale jua likiteremka. Mwalimu mkuu Ezira alikuwa uani kwake akifunga mzigo kwenye baiskeli, kwa kuwa alfajiri angekwenda Oruchinga kwenye mazishi. Munezero alimweleza yote, kuanzia mvuke hadi uji. Hakumtaja Cyiza wala hakusema kwamba alitukanwa. Ila mwishoni aliuliza, "Mwalimu, kwa nini ulinifungia? Baba hakufungiwa."

Mzee aliacha kamba. "Baba yako alibeba salamu za watu waliotaka zisikike," alisema. "Hii ni barua ya namna nyingine. Mwandishi lazima aweze kusema ukweli bila kuwaza mwombaji ataisoma. Na bahasha ikifungwa, inamlinda pia anayeibeba. Ikifika salama, hakuna anayeweza kumshuku. Sikukufungia wewe, Munezero. Nilikukinga. Kosa langu ni kwamba sikukueleza."

Akaingia ndani, akawasha taa, akaandika upya kwa mkono. Alipofika karibu na mwisho aliinua macho. "Ile kasoro niliyoitaja. Niibadilishe?"

"Hapana, mwalimu," Munezero alisema haraka. "Ni kweli."

Mzee alipaka gundi na kutia sahihi juu ya kifuniko. Mukashema alinyoosha mkono kupokea, lakini mwalimu mkuu aliupita mkono huo akampa Munezero.

"Utaibeba wewe mpaka dirishani."

Mukashema aliutazama mkoba, kisha akaupitisha mkanda wake begani kwa mdogo wake. Ulikuwa mrefu mno, ukamfika magotini.

Kesho yake, saa nane mchana, Goretti alipitisha kidole gumba juu ya kifuniko, taratibu, mara mbili. Sahihi ilikuwa imenyooka. Akapiga muhuri, akaandika alama nyekundu ya mwisho, akatoa stakabadhi ya kupokelewa. Jibu la chuo lingekuja baada ya wiki sita.

"Na wewe mdogo," alisema, "uache uji uwe wa kunywa."

Jioni mama alisikiliza habari yote akiwa amekaa kwenye mkeka, maganda ya maharage mapajani. Mukashema hakuongeza wala kupunguza. Alipomaliza, mama alimwita Munezero akae karibu.

"Ulidhani kila kitu anachopewa yaya wako kimetolewa kwenye sahani yako," alisema. "Wivu unafanya hivyo, mwanangu. Unakuhesabia vya wenzako mpaka husikii wanavyokusema kwa wema. Ungenyamaza jana, ungemnyima yaya masomo, na wewe usingepata hata kimoja. Ulisema kweli mbele ya batu mingi, na ndiyo maana imewezekana kutengeneza. Ukiumia tena, usiende kwenye mvuke. Njoo useme."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nina kosa. Kusoma sijui, na tangu baba yenu aende, hakuna anayenisomea. Nikiona karatasi naogopa, nageuza uso." Aliyapukuta maganda, akapangusa mikono kwa kanga mpaka ikakauka kabisa. "Sasa lete ile ripoti yako. Simama pale uani, kama baba alivyosimama. Unisomee yote, kwa sauti."