Mlango Usiouliza Nani

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni Bi Shemsa binti Ubwa wa Mkunazini, mwezi wa Shaaban, mwaka 2003. Nusu aliishuhudia kwa macho yake, nusu aliipata kinywani mwa Khawla mwenyewe, jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

Ilianza Jumatano, baada ya adhuhuri. Khawla aliufungua mchezo wake kwenye kompyuta ili aandike "hodi", akakuta kioo kimeshamjibu: Karibu, pita ndani. Vidole vyake vilikuwa bado havijagusa kitu.

Alidhani kosa ni lake. Mchezo ule aliutunga peke yake kwa miezi kumi na minne, kila akirudi skuli alikosomesha. Haukuwa na picha wala muziki, maandishi matupu. Mchezaji husoma, huandika neno, na nyumba humjibu. Mwalimu mwenzake aliwahi kumletea mmoja wa namna hiyo, kazi ya mtu mmoja asiyejulikana, juu ya mlinzi wa mnara wa taa. Khawla aliucheza mara saba, akastaajabu jinsi maneno machache yalivyomfanya asikie upepo chumbani. Ndipo akaamua kuiandika nyumba aliyokuwa akiishi, ya marehemu mama yake, Bi Bahiya: ngazi zake kumi na tisa, kisima cha uani, kitanda cha samadari kule juu. Aliiandika kwa ajili ya kaka yake Amjad, aliyekwenda Maskati mwaka 1987 asirudi, hata kwa maziko. Tamaa yake ilikuwa moja tu, kwamba Amjad akivipita vyumba vile roho itamvuta, arudi. Disketi ya mchezo aliipeleka Mwatum, binti ami yao, alipokwenda huko kutembea.

Juma lile Khawla akaanza kusikia mitalawanda, vile viatu vya mbao vya chooni, ikigonga sakafu ya juu wakati wa jua la utosi, watu wakiwa wamelala na mtaa umenyamaza. Jozi ya mwisho ya mitalawanda nyumbani mle ilichomwa kuni siku nyingi. Kisha ikaja harufu, asumini iliyooza, si kali, ila ilimfuata kutoka jikoni hadi ukumbini na kutoka ukumbini hadi msalani, ikisimama alipokuwa anasimama, hata akawa anakula kwa haraka na kuswali akiwa ameuegemeza mgongo wake ukutani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

Siku ya kumi Amjad akapiga simu. Aliongea kwa kunong'ona, kama mtu anayechelea kumwamsha aliyelala.

"Yule uliyemweka chumba cha juu nani?"

"Sikuweka mtu."

"Yupo, Khawla. Kakaa kitandani. Kila nikiingia ananiuliza kama nshakula."

Khawla alimwambia auzime mchezo asiuguse tena. Simu ikakatika.

Bi Shemsa ndiye aliyemchukua Khawla hadi kijiji cha Fumba, kwa mganga, Mwalimu Machano. Mzee yule hakujua kompyuta, lakini milango aliijua. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akataka kujua Bi Bahiya, alipobishiwa hodi, alikuwa akijibu vipi. Khawla akasema mama yake alikuwa kwanza akiuliza nani, halafu ndipo akisema karibu.

"Na hiyo nyumba yako ya maandishi?"

Bi Shemsa alisema hapo ndipo alipomwona Khawla akilia kwa mara ya kwanza, kwani hata msibani hakulia. Miaka miwili ya mwisho Bi Bahiya alikuwa amepotewa na akili. Khawla alibisha hodi kila jioni, mama akauliza nani, na Khawla akajitaja. Mama akauliza tena nani, na tena, hata usingizi umchukue, asimjue kamwe mtoto aliyemlisha na kumwosha.

"Nililitoa mchezoni neno hilo, nani," Khawla alisema. "Sikutaka kuulizwa tena."

"Basi umeweka mlango usiouliza, mwanangu. Na wapitao ni wengi."

Dawa ilikuwa kulirudisha neno, kwa mkono ule ule ulioliondoa, na ubani ukifuka. Bi Shemsa alikaa uani, akisoma alichokijua. Khawla alikaa mbele ya kompyuta, na alipoanza kuandika, mitalawanda ikaanza kushuka, ngazi baada ya ngazi, taratibu kama mtu mzima anayeshika ukuta, mpaka ikatimia kumi na tisa na kusimama nyuma ya kiti chake, na harufu ikamshukia shingoni pamoja na pumzi ya baridi, naye hakugeuka, aliandika tu huku machozi yakidondokea mikono, akamaliza, akahifadhi, akaufungua mchezo upya, akaandika hodi.

Nani? kioo kikauliza.

Khawla akaandika jina lake. Aliyekuwa nyuma yake hakuwa na jina la kusema. Bi Shemsa aliona moshi wa ubani umelala upande mmoja kama uliopitwa na mtu, na mlango wa mbele ukafunguka wenyewe, ukabaki wazi.

Jioni Khawla alimpigia Amjad. Alimweleza yote, akamtaka aivunje disketi. Alimwahidi nyingine iliyo salama.

"Hiyo yako itaniuliza mimi nani," Amjad alisema. "Huyu haniulizi."

"Si mama, Amjad."

"Nnajua." Kisha, kwa upole: "Weye ulikaa naye. Mie niache na huyu."

Hakuzungumzia kurudi.

Mwalimu Machano alifariki mwaka 2005. Bi Shemsa alimfuata mwaka mmoja baadaye. Mwatum yu hai. Asema alipokwenda tena Maskati alimbishia Amjad hodi, akakaribishwa, bila kuulizwa nani, na sauti ya mwanamke mtu mzima, naye akageuza njia asiingie. Amjad yu hai, na hajaoa. Khawla yu hai, yumo nyumba ile ile, na hadi leo hajamwuliza Mwatum sauti ile ilikuwa ya namna gani.