Nani Huwasha Maandishi Kwenye TV Yangu?

Jamani, kuna mwanamume nyumbani kwangu!

Nimesimama nje ya mlango wangu hapa Bondeni, Nakuru, namsikia akifoka ndani kama mwenye nyumba. Saa nne asubuhi! Mke wangu Akeyo anajua wakati huo mimi huwa buchani kule Kikopey nakata nyama.

Ngojeni niwaambie nilivyofika hapo...

Nina kompyuta kuukuu sebuleni, nimeijaza filamu za Kiswahili. Kazi yake ni kuzituma kwa TV zilivyo. Lakini mwezi huu imekuwa ikinguruma na kupata moto. Nilipochungulia kwa simu, nikaona kila asubuhi, mimi nikiwa kazini, inatengeneza video upya badala ya kuituma ilivyo.

Nikampigia fundi wangu, Travis.

"Boss, mashine iko sawa. Kuna mtu anawasha subtitles, yale maandishi ya chini. TV yako haiwezi kuzisoma, so hiyo kompyuta inalazimika kuzichora kwa picha yenyewe."

"Subtitles za nini? Hizo movie ni za Kiswahili!"

"Ziko ndani, za English. Labda kuna mtu hapo kwako haelewi Kiswahili..."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Haelewi Kiswahili? Akeyo anakijua kunishinda! Basi ni mgeni. Nikaanza kuunganisha mambo. Siku hizi nikimwita kutoka jikoni, kimya. Nikimpigia simu hashiki, anatuma meseji: "Andika tu."

Andika tu?! Dalili ya mvua ni mawingu, ndugu zangu.

Leo asubuhi simu ikaonyesha filamu imeanza, na maandishi yamewashwa. Nikavua aproni, nikaacha mbuzi mezani, nikapanda matatu kurudi Nakuru.

Nikausukuma mlango kwa bega!

Hakukuwa na mwanamume. Ilikuwa TV, sauti imepandishwa hadi mwisho. Akeyo alikuwa peke yake kwenye kochi, amenipa mgongo, anasoma maandishi.

"Yuko wapi?!"

Hakugeuka.

"Akeyo!"

Kimya. Nikamgusa bega, akaruka akipiga mayowe.

"Wasike! Umenishtua!"

"Nimekuita mara mbili!"

Akanitazama midomo, machozi yakaanza kumtoka.

"Sisikii. Sikio la kushoto liliisha Machi. Sasa la kulia linaenda."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Pasaka ulimwiga shangazi yako kiziwi mbele ya watu, mkacheka hadi mkalia. Na kazi yangu ya mchana ni kupokea simu za ofisi. Wakijua si watanifuta kazi?"

Niliona aibu, jamani.

"Na wewe mbona umerudi saa hizi?" akauliza.

Nikajibu kwa sauti ya chini, nikiangalia sakafu.

"Eh?"

Nikarudia.

"Sisikii! Sema kwa nguvu!"

Mlango uko wazi. Majirani wameshajaa nje, mama Jerotich mbele kabisa na beseni lake la nguo.

Nikapaza sauti:

"NILIDHANI UMELETA MWANAUME!"

Akeyo akachukua rimoti, akazima TV.

"Hiyo nimesikia," akasema.

Kesho anaenda kupimwa masikio. Nimemwandikia meseji kuomba msamaha, na kuomba nimsindikize. Ameisoma. Hajajibu.

Wasomaji wangu, mtu wako akinyamaza, usikimbilie kutafuta mwizi. Muulize ana shida gani. Na kabla ya hapo jiulize: uliwahi kumcheka nani mbele yake, hadi akaogopa kukuambia?