Picha Yangu Ilimzika Mama Aliye Hai

Namshukuru Mungu aliye juu, aliyenifikisha miaka sitini na tisa na kuniachia macho ya kuona na moyo wa kungoja. Ni kwa nguvu zake ninawasimulia haya, wasomaji wenzangu. Kwa nguvu zangu ningenyamaza.

Mimi ni mjane wa Kalamba, Makueni. Marehemu mume wangu alikuwa mpiga picha mjini Wote, akaniachia kamera yake na ujuzi kidogo. Sikujaliwa kuzaa. Lakini dada yangu alipofariki nilimchukua mwanawe, Kyalo, akiwa bado ananyonya... Nilimlea kwa maziwa ya mbuzi na maombi. Aliniita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, na majirani wakaniita Mama Kyalo. Nilijivunia jina hilo.

Kyalo alimaliza chuo akaturudia na mchezo tusioujua, besiboli. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo, arudi alipoanzia, panapoitwa nyumbani, kabla hajaguswa na mpira. Wazee walicheka, wakasema hao wanafukuza nyani. Lakini watoto waliupenda, wakajaa uwanjani kila Jumamosi.

Kyalo akaniomba niwapige picha. Nilifurahi jamani! Nilijifunza kusimama karibu na kituo cha tatu, pale vumbi linapopanda, na kungoja bila kupumua. Watoto waliniita Susu, nyanya yao. "Susu, umeninasa nikiruka?" "Susu, huyo usimpige, atavunja kamera."

Kati yao alikuwepo Mwende, msichana wa darasa la sita. Mkono wake ulirusha mpira kama jiwe la kombeo. Mama yake aliuza machungwa kando ya uwanja, na hakuna aliyeshangilia kumshinda.

Siku moja Mwende alitoka kituo cha tatu mbio, akajitupa chini ili afike nyumbani. Kiatu kimoja kikamtoka. Akaguswa na mpira akiwa karibu kabisa... timu ikashindwa. Akakaa pale vumbini, mguu mtupu, akalia kwa uchungu. Nilimpiga picha, kisha nikamfuta machozi. Mama yake akamletea chungwa. "Nyamaza wewe," akamwambia. "Ukilia hivyo, nani atakuoa?" Tukacheka sote, hata Mwende.

Jioni nilimwonyesha Kyalo picha za watoto wakiruka na kucheka. Akazipita zote, akachagua ile. "Mwaitu, hii ina kitu," akasema. Baadaye akaniomba niwe nikiwapiga picha kabla hawajavaa viatu na sare. Nilipouliza kwa nini, alijibu kwamba marafiki wa timu walioko ng'ambo wanapenda kuona tulikotoka.

Sikuuliza tena. Ningemshukuje mtoto niliyembeba mgongoni, anayeongoza maombi kabla ya kila mchezo?

Kisha, Jumamosi moja, Kyalo akiwa Wote, gari likasimama uwanjani. Akashuka mama wa Kizungu, mtu mzima mwenye uso wa upole, pamoja na dereva Mkamba. Alishika maua mkono mmoja, na mkono wa pili alishika ile picha yangu ya Mwende akilia. Alitaka kumfurahisha Kyalo kwa kuja bila taarifa. Alipomwona Mwende akamkumbatia, akasema maneno kwa Kizungu huku akitokwa na machozi.

Tukamtazama dereva. "Anampa pole kwa kufiwa na mama," akasema. "Maua ni ya kaburi. Anauliza kaburi liko wapi."

Mwende akanyoosha mkono wenye glavu. "Mama yangu ni yule wa machungwa."

Mgeni alishtuka, akatuonyesha simu yake. Watoto wetu wote walikuwa humo! Chini ya kila picha Kyalo alikuwa ameandika habari za vifo vya wazazi wao, na misaada ilimfikia yeye.

Mama Mwende hakumsemesha mgeni. Alikuja moja kwa moja kwangu, akaniwekea mkono wake puani. "Mama Kyalo, ninuse. Ninanuka udongo?"

Kwetu, kumwita mtoto yatima na mamake yupo ni kumchimbia mama huyo shimo.

Kyalo aliporudi hakukana. "Picha haiongei, Mwaitu. Mimi niliisaidia tu. Na si wamepata viatu?"

"Wewe ndiye uliyekuwa yatima," nikamwambia, "na sikuwahi kukuombea hata chumvi kwa jina hilo."

Aliondoka usiku huohuo. Simu yake haipatikani hadi leo... Bado namwombea.

Wazazi wakawaondoa watoto wao, timu ikafa. Wengine walisema nilikula pamoja naye, na sikuwalaumu, kwani kamera ilikuwa yangu. Mama Mwende naye akataniwa sokoni. "Marehemu, machungwa ni pesa ngapi?" Mwanzoni alicheka nao. Baadaye hakuweza. Akafunga biashara, akamchukua Mwende wakahamia kwa wazazi wake, karibu na Kabati huko Kitui.

Nilimfuata kuomba msamaha. Alinikaribisha, akanipakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na nilipomaliza kula akasema, "Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu. Lakini wewe ulijua mtoto wangu analilia nini. Ungetuma picha na maneno yake. Uliiacha bubu, mwizi akaipa mdomo."

Nililia. Alisema kweli tupu.

Mwende alikuwa shambani akifukuza ndege kwenye mtama, kwa mkono uleule uliorusha mpira. Alikuja kunisalimu, na mjomba wake akainua simu atupige picha ya kumbukumbu. Mtoto akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Simu iliporudishwa mfukoni ndipo alipofungua, macho mekundu.

"Susu, usiseme ninalia," akaniambia polepole. "Ni jua tu."

Ndugu zangu, ukimpiga picha mtoto wa mwenzako, uliza inakwenda wapi, hata kama anayeiomba ulimlea wewe mwenyewe. Isiondoke mkononi mwako bila jina la mtoto na habari yake ya kweli. Na mpendwa wako akikujibu nusu, usiogope kumuuliza mara ya pili. Mimi niliogopa kumkosea heshima, nikawakosea wengi.

Mungu akupe amani wewe uliyesoma haya. Awazidishie wazazi wako siku, na uso wa mtoto wako usiwe kamwe mali ya mwingine. Amina.