Babu Hakukataa Talaka

Kila alasiri basi la shule lilimshusha Kaylin mbele ya nyumba ya bibi yake, Darlene, katika mji wa Littlefield, Texas. Mama yake alirudi kutoka kazini jioni, kwa hiyo msichana huyo wa miaka kumi na miwili alifanyia kazi zake za shule jikoni kwa Bibi. Zamani Babu Royce naye aliingia saa hizo, buti zimejaa vumbi la pamba, akamshika Bibi mkono na kumchezesha dansi mbele ya jiko. Siku hizi Babu aliishi peke yake kwenye nyumba ya trela ng'ambo ya reli. Hawakuwa wamepigana. Waliacha tu kuzungumza, mwaka baada ya mwaka.

Siku moja Kaylin alimkuta Bibi akijaza fomu za talaka.

"Huna wakili, Bibi?"

"Wa nini? Hatuna tunachogombania. Nyumba yangu, lori lake, na mama yako ni mtu mzima. Babu yako akisaini kwamba amekubali, hakimu atamaliza." Bibi alivua miwani. "Jumamosi ukienda kwake, muulize kama bado yuko tayari. Nikimpigia mimi, tutaishia kununiana."

Jumamosi Babu alikuwa akikaanga mayai. Aliposikia swali, aligeuza yai taratibu.

"Mwambie nitasaini. Anastahili kuwa huru." Kisha akauliza, "Bado anaimba akiosha vyombo?"

"Siku hizi haimbi."

Kaylin akaona macho ya Babu yameloa. Akajiuliza: Kama anamkumbuka hivi, kwa nini waachane? Alipofika kwa Bibi, maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Amekataa. Amesema bado anakupenda."

Bibi aliketi. "Royce kasema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Ndiyo, Bibi."

Fomu zikaingia kabatini. Jumatatu Bibi alikuwa ametengeneza nywele saluni. Jumanne Kaylin alimkuta amevaa gauni la buluu, anageukageuka mbele ya kioo.

"Nitamfuata leo," alisema, akicheka kwa haya kama msichana. "Nimwambie arudi nyumbani. Gauni hili halinibani sana?"

Kaylin akamwona akilini Bibi amesimama mlangoni kwa Babu, naye Babu haelewi anachoambiwa.

"Usiende, Bibi! Nilikudanganya. Alisema atasaini. Mimi ndiye niliyetaka mrudiane."

Bibi aliweka funguo za gari mezani. Kisha akamsogezea simu.

"Mpigie. Mweleze mwenyewe ulichosema kwa jina lake."

Kaylin alieleza huku akilia. Jioni hiyo Babu alikuja, kofia mkononi. Yeye na Bibi walikaa barazani, wakazungumza kama ambavyo hawakuwa wamezungumza kwa miaka. Kaylin alisikiliza kutoka jikoni, akitumaini bado. Lakini Babu alipoinuka, alisema tu, "Basi kesho twende benki, nisaini mbele ya mthibitishaji wao wa sahihi."

Miezi miwili ya kungoja inayotakiwa na sheria ilipokwisha, hakimu alimwuliza Bibi maswali machache, akatia sahihi, na ndoa ikaisha. Nje ya mahakama Babu alimkumbatia Bibi, kisha Kaylin.

"Jumamosi uje, mjukuu wangu. Kuna mayai," alisema, akaondoka na lori lake.

Kaylin alilitazama mpaka likapotea. "Bado natamani arudi," alisema.

"Tamani, mwanangu. Hata mimi nilitamani, zile siku tatu," Bibi alijibu. "Kutamani si kosa. Kosa ni kumtilia mtu mdomoni maneno ambayo hakuyasema. Ulinipa furaha isiyokuwepo, halafu ikabidi niirudishe, na hilo liliniuma kuliko talaka yenyewe. Ukweli wa babu yako nilikuwa nauweza."

Akamshika mkono, wakatembea kuelekea garini.