Rais Asiyevuka Barabara

"Chai ya sanubari imeiva."

Sauti ya Kanali Rafrafi wa Idara ya Usalama ilipenya sikioni mwa Wasila Gharsali katikati ya hotuba ya mkutano wa uchaguzi. Wasila hakushtuka; ndiyo ishara aliyokuwa akiingoja. Aliendelea kutafsiri Kiitaliano cha Carmelo Zerafa, makamu wa rais, kwenda Kiarabu, huku mkono wa kushoto ukishuka chini ya meza ya kibanda cha wakalimani. Vidole vikagusa kifaa kilichofanana na pakiti ya sigara.

Akabonyeza.

Ving'ora vya moto vikalia jengo zima. Moshi mweupe, usio na madhara, ukateremka kutoka kwenye matundu ya kiyoyozi. Wajumbe wa Umoja wa Soka wa Mediterania, wazee wenye suti za bei mbaya, wakaanza kukanyagana mlangoni.

Rais wao, Slaheddine Mahbouli, hakwenda nao. Alichomoka kwa mlango wa nyuma, akakimbilia nyumbani kwake, ndani ya makao yale yale ya Umoja.

Wasila alijua angefanya hivyo. Tangu majira ya baridi Mahbouli hakuwa ametia mguu nje ya ukuta wa makao yale, juu ya kilima cha Gammarth. Hakimu wa Tunis alikuwa na hati ya kumkamata kwa mechi zilizouzwa na fainali zilizopelekwa kwa waliohonga zaidi. Lakini zamani serikali ilifunga mkataba na Umoja. Ndani ya ukuta ule, na ndani ya Mercedes nyeusi ya rais, mkono wa polisi haukufika. Ilikuwa kama ubalozi. Mle ndani Mahbouli alikula samaki wake, alinyolewa ndevu, aliendesha mpira wa nchi chungu nzima, na alicheka.

Wasila hakuwa na haja na fainali. Yeye alikuwa mjane wa Nizar.

Nizar alikuwa mwamuzi. Aliombwa atoe penalti katika nusu fainali; akakataa, akasema atawataja waliomtuma mjumbe. Wiki hiyo hiyo Umoja ukatangaza kwamba mla rushwa ni yeye, ukamfungia maisha. Hakupata nafasi ya kujitetea. Lori lilimgonga kwenye barabara ya Bizerte na halikusimama. Magazeti yalimuaga kwa neno moja: mla rushwa.

Kanali alimwonya asiifanye kazi hii kuwa kisasi. Wasila alimjibu kwamba hajui kuifanya kitu kingine. Kanali akampa hata hivyo.

Nje, Zerafa alikwisha kuanza sehemu yake. Mmalta huyu mwembamba, mwenye sauti laini kama siagi, alikitamani kiti cha Mahbouli kwa miaka mingi. Mwishowe alimuuza bosi wake kwa Idara: yeye awavushe wajumbe ng'ambo ya barabara, ili Mahbouli avutwe nje ya ukuta, na Idara ifumbie macho rushwa zake mwenyewe. Alisimama katikati ya barabara, akawaambia wenzake kwamba hoteli ile pale, wanatosha kwa mujibu wa kanuni, na hakuna sababu ya kutomaliza uchaguzi leo.

Wakavuka kama maji.

Wasila alivuka nyuma yao. Alipopita langoni akabandika kifaa cha pili kwenye kisanduku cha umeme wa nguzo za lango, kisha akainua redio yake ya Motorola.

"Kondoo wamevuka."

"Fahali?"

"Bado zizini. Atatoka."

"Una hakika gani?"

"Atasikia makofi."

Alikuwa ametegesha vipaza sauti vya ukumbi wa hoteli vielekee barabarani. Jina la Zerafa lilipopendekezwa, makofi yalipanda kilima kizima.

Mercedes nyeusi ikatoka mbio.

Wasila akabonyeza tena. Nguzo za chuma zikachomoza ardhini, mbele ya bampa. Gari likafunga breki, likanesa. Dereva akashuka, akazipiga mateke nguzo, akamsihi rais wake arudi ndani. Mahbouli alikuwa amekwisha kushuka. Alisimama pale ukuta unapokoma, jasho likimtiririka shingoni, akatazama kushoto na kulia.

Barabara ilikuwa tupu. Alikuwepo mwanamke mmoja tu, mwenye kitambulisho cha ukalimani, akisikiliza kwa vipokea sauti.

"Wanasemaje?" aliuliza Mahbouli.

"Wanapiga kura, Bwana Slaheddine. Makamu wako anasema umejiuzulu."

"Nimejiuzulu?"

"Kwa woga, anasema. Wanacheka sana."

Mguu mmoja ukatoka.

Wa pili ukafuata.

Wasila alimwacha afike kwenye mstari mweupe wa katikati. Hapo akafungua koti, bastola ya Beretta ikaonekana.

"Slaheddine Mahbouli, sasa uko Tunisia."

Peugeot mbili za Idara zikaziba barabara huku na huku. Pingu zikalia. Mahbouli alikodolea macho kitambulisho kifuani mwa mwanamke yule.

"Gharsali. Gharsali gani?"

"Wa Nizar."

Taratibu, mzee akaanza kucheka.

"Umekamata mkono wa kushoto, binti. Mimi nilimchafua mumeo tu. Aliyemuua anapigiwa makofi mle ndani. Simu yangu iko mfukoni. Nilimrekodi, nikaweka akiba kwa siku atakayonigeuka."

Wasila akaitoa ile Samsung. Mahbouli akamwelekeza pa kugusa. Sauti ikatoka, laini, bila haraka, ikisema kwamba mwamuzi anakwenda Bizerte kwa mama yake mchana huu, na dereva wa lori asikanyage breki.

Hakuhitaji mtaalamu wa kumwambia ni sauti ya nani. Wiki nzima alikuwa ameibeba sauti ile. Alikuwa ametafsiri vicheko vyake, shukrani zake, dua zake. Alikuwa amemwazima muuaji wa Nizar kinywa chake mwenyewe.

Akainua redio.

"Kanali. Namtaka Zerafa."

"Hapana. Tuna makubaliano naye."

"Ya rushwa. Hii ni damu."



"Una ushahidi?"

"Sauti yake. Naijua kuliko mkewe."

Mawasiliano yalikuwa safi kabisa.

"Redio yako inakatika," alisema Kanali. "Sikusikii."

Wasila aliingia ukumbi wa hoteli wakati Zerafa akipokea mikono ya pongezi. Mmalta alimwona, akaiona Beretta, akaelewa. Alinong'ona neno kwa mlinzi wake na kupotelea jikoni. Mlinzi akachomoa Glock.

Alichelewa.

Risasi ya Wasila ilimpata kwenye kiganja. Wajumbe wakalala chini ya meza. Wasila aliwaruka, akapiga teke mlango wa jikoni. Zerafa alikuwa kwenye mlango wa mizigo, akihangaika na komeo, wapishi wamebanana ukutani kando ya masufuria ya kuskusi.

Beretta ikatua kwenye paji lake la uso.

"Kanali wako aliniahidi," alisema Zerafa.

"Mimi sikukuahidi. Mtaje jina."

"Nani?"

"Mwamuzi wa nusu fainali."

Zerafa alifungua mdomo. Macho yakamtembea. Hakuwa akificha, alikuwa akitafuta, na hakupata.

"Yule... yule kijana wa Bizerte..."

Alikuwa amelisahau.

Kidole cha Wasila kilikaza. Mpishi mmoja alifumba macho. Ingekuwa rahisi sana, na hakuna mtu Tunis ambaye angemlaumu. Lakini akiwa maiti, Zerafa asingesema kitu, na Nizar angebaki mla rushwa milele.

"Anaitwa Nizar Gharsali," alisema. "Na wewe utalisema."

Alimrudisha ukumbini kwa kola ya shati, hadi mbele ya kipaza sauti na kamera za televisheni zilizokuja kumpiga picha rais mpya. Zerafa alisema kwa Kiitaliano, Beretta ikiwa mgongoni mwake, kwamba Nizar Gharsali hakuchukua chochote, kwamba alikataa, na kwamba ndiyo maana yeye, Zerafa, aliagiza auawe.

Wasila akaitafsiri kwa Kiarabu. Sauti yake haikutetemeka, isipokuwa kwenye neno moja: alikataa.

Kisha akamtupia pingu askari wa karibu ili amfunge Zerafa, akavua kitambulisho na kukiweka mezani.

Mjumbe mmoja mzee alijitokeza kutoka chini ya meza, akauliza kwa upole ni nani basi rais wao sasa.

"Hilo ni lenu, baba," alisema Wasila.

Alitoka nje juani, akapiga namba ya Bizerte. Mama mkwe wake alichelewa kupokea, kama kawaida, kwa kuogopa waandishi na matusi.

"Mama, fungulia televisheni. Wanamtaja."

Hakungoja jibu. Aliizima simu, akavaa miwani ya jua, na kuteremka kilima kwa miguu.