Swali la Lomenen

Jua lilikuwa linazama Kakuma wakati Adau alipoingia saiba ya Chol, duka la intaneti, kukodi chumba cha nyuma kwa saa moja. Alikuwa na mahojiano ya kazi mtandaoni: mkemia wa maji, katika taasisi moja ya ng'ambo. Miaka kumi na minane katika kambi ya wakimbizi, na mlango kama huo haukuwahi kumfungukia.

Wahoji walikuwa watatu. Aliyeongoza ni mama mmoja mwenye miwani, na hakuwa na masihara. Alimbana kuhusu floridi, chumvi ya majini inayoharibu meno na mifupa, akambana kuhusu makosa ya mashine za kupimia, kila jibu akalichimbua hadi mzizini. Adau alijikaza. Kisha wakafika kwenye ripoti yake ya kisima kimoja upande wa Lokori.

"Ulikipima mara ngapi?"

"Mara mbili."

Hapo ndipo harufu ilipokuja... Tope. Tope bichi la laga, mto mkavu ukishafurika. Na Kakuma haikuwa imeona tone la mvua kwa miezi mitano.

"Ejok, Adau."

Sauti ya salamu hiyo ya Kiturkana ilipita kwenye visikizi vyake, taratibu. Aliijua. Ilikuwa ya Lomenen, dereva ambaye Adau alimtuma peke yake kuchukua sampuli za mara ya pili, Adau mwenyewe akabaki Lodwar. Laga lilimsomba Lomenen, gari na chupa zote. Walimzika mwezi wa nne.

Kwenye skrini wale watatu walikuwa wakiandika tu. Hawakusikia kitu.

"Zile namba za mara ya pili," sauti ikanong'ona, "ulizitoa wapi?"

Nyuma yake maji yakadondoka sakafuni.

Tap... Tap...

Namba hizo Adau alizitunga mwenyewe, wiki ile ile ya matanga, kwa kuwa ripoti ilikuwa inangojwa. Akisema, kazi imekwenda. Lakini watoto wa pale walikuwa bado wanakunywa maji yale.

Akasema. Yote.

Yule mama alivua miwani.

"Asante kwa kusema kweli," akasema hatimaye. "Ila mwenzako hapo nyuma... mbona amelowa hivyo?"

Adau hakugeuka.

Saa ilipokwisha Chol alifungua mlango. Alimkuta peke yake, amefumba macho, miguu ameipandisha juu ya kiti. Sakafu ilikuwa imetapakaa tope.

Kazi hakuipata. Kisima kilipimwa upya, kikafungwa. Floridi ilikuwa maradufu ya namba alizoandika. Baadaye yule mama alimtumia rekodi ya mahojiano, bila neno lolote. Ndani yake hakuna mtu nyuma ya Adau. Sauti ya Lomenen haimo. Ni yeye tu, anasikika akijibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. La mwisho analijibu baada ya wahoji kuaga, kwa upole, kama mtu anayeitwa na ndugu.

"Ndiyo. Nitakuja."

Adau ameisikiliza mara nyingi. Swali lenyewe halikumbuki.